Namba za mtandao ni mali ya wote: daftari lake lilindwe

KATIKA shule moja ya sekondari, ambayo hatuna haja ya kuitaja, mhasibu alilalamika kwa muda wa wiki mbili kwamba kompyuta yake ilikuwa ikikatika katika mtandao kila asubuhi alipoanza kazi. Fundi wa kwanza alibadili waya, akalipwa. Fundi wa pili alishauri inunuliwe kompyuta mpya, na karatasi za kuomba fedha zikaanza kuandikwa. Mwalimu wa hisabati ndiye aliyegundua kiini cha tatizo. Printa iliyoletwa shuleni mwezi ule ilikuwa imepewa, kwa mkono, namba ile ile iliyokuwa ikitumiwa na kompyuta ya mhasibu. Printa ilipowashwa, vifaa viwili vikawa vinaitika jina moja. Aliyeweka namba hiyo hakuwa na nia mbaya. Hapakuwa na daftari la kumwonyesha kwamba namba hiyo ilikwisha kuwa na mwenyewe.

Tumeanza na kisa hiki kidogo kwa sababu kosa lililofanyika katika chumba cha mhasibu ndilo lililofanyika, kwa ukubwa wa kutisha, katika Bara zima la Afrika. Nalo halihusu mafundi peke yao. Linamhusu kila mtumishi wa umma anayetia saini hati ya kununua mitambo, na kila mwalimu anayewafundisha vijana ambao maisha yao yote yatapita katika mitandao hii.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya mambo yenyewe. Kifaa chochote kinachoingia katika mtandao, iwe kompyuta, simu au mita ya umeme, huwa na namba za aina mbili. Ya kwanza ni ile ambayo kiwanda hukipa kifaa kinapoundwa. Kadi ya mtandao ya kompyuta hupewa namba ya biti 48. Nusu yake ya kwanza hugawiwa kiwanda na chama cha kimataifa cha wahandisi, IEEE, na nusu ya pili kiwanda hujipangia chenyewe. Namba hii ni kama jina alilopewa mtoto siku ya kuzaliwa: huenda naye popote aendako. Ya pili ni anwani ya mtandao. Hii hutegemea mahali kifaa kilipo, kama vile anwani ya nyumba inavyotegemea mtaa. Mtu akihama, jina lake halibadiliki, lakini anwani yake hubadilika.

Namba hizi mbili hufanya kazi kwa kushirikiana. Ujumbe unaotoka mbali husafirishwa kwa anwani, kutoka mtambo hadi mtambo, mpaka ufike katika mtandao wa ofisi. Hapo mtambo wa mlangoni, yaani ruta, hufanya kama tarishi aliyeingia uani na barua mkononi. Huita kwa sauti: nani mwenye anwani hii? Kifaa chenye anwani hiyo huitika kwa kutaja jina lake la kiwandani, kikapewa barua. Wakiitika wawili, tarishi hana njia ya kujua mkweli ni nani. Hicho ndicho kilichompata mhasibu wetu.

Sasa tutazame anwani hizo zinatoka wapi. Mfumo wa anwani ambao mafundi huuita IPv4 uliandikwa rasmi Septemba 1981, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET wa Marekani ukauhamia. Anwani yake ni ya biti 32, na kwa hesabu hiyo jumla ya anwani zote duniani haiwezi kuzidi 4,294,967,296. Vinton Cerf, mmoja wa waasisi wa mfumo huo, amekwisha kueleza kwamba wakati ule walidhani wanafanya jaribio tu. Jaribio hilo likageuka kuwa dunia nzima, na dunia ina watu zaidi ya bilioni 8, ambao wengi wao wana vifaa zaidi ya kimoja.

Uhaba peke yake usingekuwa dhuluma kama mgawo ungekuwa wa haki. Lakini aliyefika mapema alijipimia mwenyewe. Chuo cha MIT cha Marekani kilipewa fungu lenye anwani 16,777,216. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima. Kwa hiyo chuo kimoja kilikuwa na anwani nyingi kuliko robo ya idadi ya Watanzania wote, wazee kwa watoto. Makampuni kama Ford na Apple nayo yalipewa mafungu ya ukubwa huo huo. Hatusemi kwamba waliopewa waliiba. Walipewa wakati ambapo hakuna aliyeona thamani yake. Tunasema tu kwamba sisi tulipobisha hodi, shamba lilikuwa limekwisha kupimwa.

Na ubinadamu huonekana mtu anapokuwa na ziada. Chuo Kikuu cha Stanford, kilichokuwa na fungu kama hilo, kilirudisha lake mwaka 2000 ili wengine wagawiwe. MIT nayo ilitangaza mwaka 2017 kwamba anwani zake milioni 14 hazikuwahi kutumika, na kwamba ingeuza sehemu yake. Hayo ndiyo mawazo mawili juu ya mali ya wote. Mmoja alisema, ninazo nyingi, wachukue wenzangu. Mwingine alisema, ninazo nyingi, waje wanunue.

Wanunuzi hawakukosekana. Mwaka 2011 Microsoft ilinunua anwani 666,624 kutoka kampuni ya Nortel ya Kanada iliyokuwa imefilisika, kwa dola milioni 7.5, sawa na dola 11 na senti kadhaa kwa kila namba. Tujiulize: ni nini hasa kilichouzwa? Hakikuwa chuma, wala waya. Kilichouzwa kilikuwa mstari katika daftari unaosema kwamba namba hizi ni za fulani. Tangu siku hiyo ilikuwa dhahiri kwamba atakayeshika daftari ameshika mali.

Daftari la dunia limegawanywa katika ofisi tano za mabara. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu lilifungua mlango kwa mara ya mwisho, na kila ofisi ikapewa fungu moja la mwisho la anwani 16,777,216. Asia na Pasifiki walifika kwenye fungu hilo la mwisho mwezi Aprili mwaka huo huo. Ghala la Amerika Kaskazini lilikauka Septemba 2015, na la Ulaya Novemba 2019. Ofisi ya Afrika, iitwayo AFRINIC, yenye makao yake Mauritius na iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005, ilibaki na akiba wakati wenzake wamekwisha kukung'uta magunia. Kwa mara moja katika historia ya mitandao, Afrika ilikuwa na kitu ambacho wengine walikuwa wakikitafuta.

Tuliilindaje akiba hiyo? Jibu linatia uchungu. Mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba maandishi ya daftari yalikuwa yakibadilishwa kinyemela. Ukaguzi wa AFRINIC yenyewe, uliochapishwa mwaka 2021, ulikiri kwamba anwani zaidi ya milioni 2 zilikuwa zimechotwa kutoka katika ghala la Bara bila idhini halali. Hakuvunjwa mlango wala kufuli. Yalibadilishwa maandishi tu, na mabadiliko hayo yalifanyika ndani ya nyumba.

Kabla jeraha hilo halijapona, likazuka jingine. Mwaka 2021 AFRINIC iligombana na kampuni moja iliyosajiliwa Shelisheli, iliyokuwa imepewa anwani zaidi ya milioni 6. AFRINIC ilidai kwamba zilikuwa zikitumika kinyume cha mkataba, nje ya eneo lililokusudiwa. Kampuni ikakana na kwenda mahakamani. Julai 2021 mahakama ya Mauritius ilizuia akaunti za AFRINIC kwa kiasi cha hadi dola milioni 50, zuio lililoondolewa baadaye mwaka huo. Kesi zikafuatana. Mwaka 2022 bodi ilikosa akidi ya kufanya maamuzi. Septemba 2023 mahakama ikamteua msimamizi wa kuiendesha ofisi hiyo. Uchaguzi wa Juni 2025 ulifutwa kwa sababu ya mashaka juu ya hati za uwakilishi katika kupiga kura, na ilibidi kungoja hadi Septemba 2025 ndipo wanachama walipopata bodi mpya.

Kwa hiyo kwa muda wa takriban miaka 3 Bara lenye watu zaidi ya bilioni 1.4 lilikuwa na daftari lisilo na bodi. Si sahihi kuwalaumu wageni peke yao. Uchotaji wa namba uliofichuliwa mwaka 2019 haukutoka ng'ambo. Na wanachama waliokuwa na haki ya kuhudhuria mikutano, kusoma taarifa na kupiga kura, wengi wao wakiwa makampuni na taasisi za Afrika, hawakuamka mpaka nyumba ilipokuwa inawaka moto. Mgeni hafungui ghala ambalo mwenye nyumba analilinda.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni makelele. Mbona simu zetu zinafanya kazi? Mbona ofisi inatuma barua pepe kila siku? Ni kweli zinafanya kazi, na yafaa tueleze kwa njia gani.

Msomaji wetu mwalimu anaujua vizuri utaratibu wa sanduku la posta. Walimu 30 hutumia S.L.P. moja ya shule. Barua huletwa kwa karani, naye huzigawa kulingana na majina. Mitandao yetu inaishi hivyo hivyo. Tangu miaka ya 1990 yametengwa mafungu ya anwani za ndani, ambazo kila ofisi duniani inaweza kuzitumia nyumbani mwake bila kuomba; zile zinazoanza na 192.168 au 10 ambazo wengi mmekwisha kuziona. Vifaa vya ofisi huvaa anwani hizo za ndani, na vinapotoka nje vyote hujificha nyuma ya anwani moja ya ruta. Makampuni ya simu nayo huweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani chache kwa njia hiyo hiyo.

Ujanja huu umetuokoa, nasi hatuna sababu ya kuubeza. Lakini sanduku la posta la watu wengi lina matatizo ambayo kila mwalimu anayajua. Mtu wa nje hawezi kukufikia moja kwa moja bila kupitia kwa karani. Mmoja akikopa duka la mjini asilipe, jina la shule nzima huharibika. Ndivyo ilivyo mtandaoni: mteja mmoja akifanya ulaghai, huduma fulani ikaifungia anwani yake, maelfu wasio na hatia hufungiwa pamoja naye. Na ikitokea uhalifu wa kweli, mpelelezi anayepewa anwani peke yake amepewa sanduku, hakupewa mtu. Ili ampate mtu, inampasa ajue pia saa kamili na namba ya mlango wa mawasiliano uliotumika, na kampuni iwe imehifadhi kumbukumbu hizo kwa uaminifu. Mtumishi wa umma asiyeijua tofauti hiyo aweza kumtia mashakani raia asiye na kosa kwa sababu tu alishiriki sanduku na mhalifu.

Dawa ipo, nayo si mpya. Mfumo wa anwani uitwao IPv6 uliandikwa Desemba 1998. Anwani yake ni ya biti 128, na idadi yake ni karibu 34 ikifuatwa na sifuri 37. Ofisi moja huweza kupewa fungu linalotosha kuunda mitandao midogo 65,536, na kila mtandao mdogo ukawa na anwani nyingi kuliko mfumo wote wa zamani wa dunia nzima. Katika shamba hilo hakuna aliyechelewa kufika. Fungu la shule ya wilayani halitofautiani na fungu la chuo cha matajiri. India, nchi maskini yenye watu wengi kuliko nchi zote, iliona jambo hili. Zaidi ya nusu ya watumiaji wake sasa wanafikia mtandao kwa mfumo huo. Serikali ya Marekani, ambayo haikuwa na njaa ya anwani, iliagiza Novemba 2020 kwamba idara zake zihamie huko. Sisi tulio na njaa ndio tunaosuasua.

Lakini tusidhani kwamba wingi wa anwani unamaliza kila kitu. Lipo swali la utambulisho, nalo lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni ukweli wa namba. Wananchi wanaikumbuka tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchini. Kipimo kilikuwa namba ya IMEI, yenye tarakimu 15, ambayo mtu huisoma kwa kubonyeza *#06#. Tarakimu 8 za kwanza hueleza aina ya simu, na ya mwisho ni ya kuhakiki. Simu bandia iligunduliwa kwa sababu namba yake haikuwamo katika daftari halali. Somo la siku ile ni kwamba namba haina maana yenyewe. Maana yake hutoka katika daftari, na daftari ni zuri kadiri ya uaminifu wa wanaoliandika.

Upande wa pili ni heshima ya mtu. Hapo mwanzo IPv6 ilipangwa kwa namna ambayo jina la kiwandani la kifaa lilichomekwa ndani ya anwani. Maana yake ni kwamba mtu angehama kutoka Mwanza hadi Mtwara, na kila tovuti aliyoitembelea ingemtambua njiani kwa kifaa chake. Wahandisi waliliona kosa hilo, na mwaka 2001 wakaandika utaratibu wa anwani za muda zinazobadilika. Simu nyingi za siku hizi hubadili hata lile jina la kiwandani kila ziingiapo katika mtandao mpya. Si kweli basi kwamba utaratibu mzuri wa anwani hudai raia avuliwe nguo hadharani. Anwani ni ya kumfikishia mtu ujumbe wake. Utambulisho wake ni amana, na anayeushika katika daftari la ofisi anashika amana hiyo kwa niaba ya mwenyewe.

Tufanye nini basi? Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kungoja mfadhili.

La kwanza, kila ofisi na kila shule iwe na daftari la vifaa vyake vya mtandao: kifaa gani, kiko chumba gani, kina anwani gani, nani anakisimamia. Hata daftari la karatasi linatosha. Kama lingekuwapo, mhasibu wetu asingepoteza wiki mbili, wala shule isingelipa fundi kwa waya usiokuwa na kosa.

La pili, hati za zabuni zitamke wazi kwamba mtambo unaonunuliwa kwa fedha ya umma lazima ufanye kazi kwa IPv6, na ujaribiwe siku ya kupokelewa, si kuaminiwa maandishi ya kwenye boksi. Hatusemi mitambo mizima itupwe leo. Mifumo miwili huweza kukaa pamoja katika mtandao mmoja kwa miaka. Ila kila mtambo unaokufa urithiwe na ule unaojua njia ya mbele.

La tatu, vyuo vya ualimu na vya ufundi vifundishe jambo hili kwa lugha ambayo mwanafunzi anaielewa. Mwanafunzi anayelijua sanduku la posta na mfumo wa anwani za makazi uliowekwa nchini mwaka 2022, hashindwi kuelewa anwani ya mtandao. Kinachomshinda ni mwalimu kuikariri bila kuielewa.

La nne, na hili ndilo kubwa, vyuo vikuu, mashirika na makampuni yetu yaliyo wanachama wa AFRINIC yautumie uanachama huo. Taarifa zao katika daftari ziwe za kweli, ili namba zao zisinyakuliwe na mjanja anayejifanya mwakilishi. Taarifa za bodi zisomwe. Kura zipigwe na mwanachama mwenyewe, zisitolewe kwa hati za uwakilishi ambazo mwenye kura hajui zimekwenda kwa nani. Bodi mpya imepatikana baada ya taabu. Haitafaa kitu kama wanachama watarudi kulala.

Mababu zetu walilijua jambo hili katika ardhi. Shamba la kijiji halikuhitaji ua wa miiba kama wanakijiji walikumbuka mipaka na kusimama pamoja siku mtu alipoisogeza. Lilipotea pale kila mmoja alipodhani kwamba jirani yake ndiye anayekumbuka. Namba hizi nazo ni shamba la wote. Zimo katika daftari, na daftari lina mipaka inayosogezwa kwa kalamu. Kesho asubuhi, msomaji wetu, ukifika ofisini, uliza jambo moja tu: hapa kwetu, daftari la namba za mtandao anashika nani? Ukijibiwa kwamba hakuna anayejua, kazi yako ya siku hiyo umekwisha kuipata.